Maswali ya Wasomaji: Hambaka Ipi Itafaa Gitaa Lako?

Safari hii tumekusanya barua zinazohusu jambo moja: kutoa hambaka (pikapu yenye koili mbili, yaani kifaa kinachogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme) iliyokuja na gitaa la umeme na kuweka nyingine. Hatukuyapa maswali yote nafasi sawa. Kuna mambo yanayowapotezea watu pesa na muda, na hayo ndiyo tuliyoyachambua zaidi.

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Gitaa langu lina hambaka mbili. Nikitumia ya darajani pamoja na distoshani, nyuzi zikipigwa kwa pamoja zinavurugika, sisikii noti mojamoja. Pikapu hiyo ina kilo-omu 8. Mwenzangu kwenye bendi ananiambia ninunue ya kilo-omu 16, eti nitapata nguvu maradufu. Nimsikilize?

JIBU: Usimsikilize kwa hilo. Kilo-omu zinazoandikwa kwenye boksi ni ukinzani wa waya wa shaba uliozungushwa kwenye koili mbili za hambaka. Ukinzani huo hupanda kwa njia mbili: mizunguko ikiongezwa, au waya ukiwa mwembamba zaidi. Waya wa geji 42 una kipenyo cha karibu milimita 0.063, na wa geji 43 karibu milimita 0.056. Chukua koili mbili zenye idadi ileile ya mizunguko, moja ya geji 42 na nyingine ya geji 43. Ya pili itasoma karibu robo zaidi kwenye mita, na sauti haijapata nguvu yoyote ya ziada. Ndiyo maana JB ya Seymour Duncan inasoma zaidi ya kilo-omu 16, Super Distortion ya DiMarzio inasoma karibu 13.7, na bado hiyo ya pili, yenye sumaku ya seramiki, haiko nyuma kwa nguvu.

Namba hiyo haitulii hata kwenye pikapu moja. Shaba huongeza ukinzani kwa karibu asilimia 4 kila joto linapopanda nyuzijoto 10, kwa hiyo pikapu iliyosoma 8.0 kwenye nyuzijoto 20 itasoma 8.3 kwenye nyuzijoto 30. Ukipima kupitia tundu la jeki bila kufungua gitaa, poti ya sauti (kidhibiti kilicho chini ya kitufe cha sauti) ya kilo-omu 500 inaingia kwenye kipimo na utasoma karibu 7.9. Kwa hiyo usichague kati ya 8.1 na 8.3.

Kipimo chenye maana zaidi ni indaktansi, inayopimwa kwa henri. Hambaka ya mtindo wa zamani huwa na henri 4 hadi 5. Zenye mizunguko mingi hufika 8 na kuendelea. Indaktansi ya pikapu ikiungana na kapasitansi ya kebo yako hutengeneza kilele, yaani sehemu ya masafa inayosikika zaidi kuliko nyingine, na juu ya kilele hicho sauti hushuka haraka. Kebo nyingi zina pikofaradi 100 hivi kwa kila mita. Ukitumia kebo ya mita 3 na kuongeza pikofaradi 100 za ndani ya gitaa, pikapu ya henri 4.5 ina kilele karibu na hezi 3,750. Ya henri 8 inashuka hadi karibu hezi 2,800. Tofauti hiyo masikio yanaisikia mara moja: ya kwanza ina makali na noti zinaachana, ya pili ni nzito katikati na inasukuma amplifaya ingurume mapema.

Sasa rudi kwenye tatizo lako. Unalalamikia noti kuvurugika, na dawa uliyoshauriwa ni kuongeza mizunguko, kushusha kilele na kuisukuma zaidi amplifaya ambayo tayari inanguruma. Itavuruga zaidi. Unachohitaji ni pikapu ya kilo-omu 7.5 hadi 9, indaktansi isiyozidi henri 5, yenye sumaku ya Alnico V (aloi ya alumini, nikeli na kobalti), ambayo besi yake imekaza. Ukikosa uzito wa distoshani, uongeze kwenye amplifaya au pedali. Hapo ndipo penye nafasi ya kuuongeza bila kupoteza uwazi.

Na kabla ya kununua chochote, angalia mambo matatu. La kwanza ni urefu wa pikapu. Bonyeza uzi mnene na uzi mwembamba kwenye freti ya mwisho, kisha pima kutoka juu ya skrubu ya pikapu hadi chini ya uzi. Gibson wanapendekeza milimita 1.6 darajani na 2.4 shingoni, na hapo ni pazuri pa kuanzia. Tumekuwa tukiona pikapu zimepandishwa hadi zinakaribia kugusa nyuzi kwa imani kwamba karibu zaidi ni nguvu zaidi. Nguvu inapatikana kweli, lakini sumaku inauvuta uzi, mlio unakatika mapema na noti nene zinayumba.

La pili ni poti. Fungua kifuniko cha nyuma usome namba. Hambaka hutakiwa kubeba poti za kilo-omu 500. Baadhi ya magitaa hutoka kiwandani na poti za 250, hasa yale ambayo kiwanda kinatumia sehemu zilezile kwa pikapu za koili moja, na hapo makali yote ya hambaka yanamezwa. Poti nyingi huruhusiwa kukosea kwa asilimia 20, kwa hiyo iliyoandikwa 500 inaweza kuwa 400 au 600. Ukiwa na mita, nunua zile zinazosoma juu ya 500.

La tatu ni kebo. Pikapu yako ya henri 4.5 ikiwa kwenye kebo ya mita 6 ina kilele kwenye hezi 2,840 hivi, yaani palepale ilipo pikapu ya henri 8 kwenye kebo ya mita 3. Kama unapigia kebo ndefu, azima fupi kwa jioni moja usikilize. Huenda hutanunua pikapu kabisa.

SWALI: Kila tangazo la hambaka linataja "PAF". Ni aina gani hiyo, na je, nikinunua yoyote yenye jina hilo nitapata sauti ileile?

JIBU: Ni kifupi cha maneno ya kibandiko, Patent Applied For, kilichobandikwa chini ya hambaka za kwanza za Gibson zilizobuniwa na mhandisi Seth Lover. Ombi la hataza lilipelekwa 1955, pikapu hizo zikaingia kwenye gitaa la Les Paul mwaka 1957, na hataza ikatolewa 1959. Wazungushaji waya wa wakati ule hawakuwa wakifikia idadi moja kamili ya mizunguko, na sumaku zilichanganywa, kwa hiyo pikapu za asili zenyewe zinatofautiana: nyingi ziko kati ya kilo-omu 7 na 9. Jina hilo leo linakuambia tu kwamba mizunguko si mingi na sumaku ni ya Alnico. Uliza ni Alnico ipi, uliza indaktansi, na uliza kama imechovywa kwenye nta. Muuzaji asiyeweza kujibu hata moja kati ya hayo anauza kibandiko.

SWALI: Nimeagiza hambaka ya darajani, imefika, lakini skrubu zake hazikai chini ya nyuzi. Uzi wa kwanza na wa sita viko nje kidogo. Pia haizami hadi chini ya shimo. Nimetapeliwa?

JIBU: Hujatapeliwa, umeagiza bila kupima. Hambaka zina nafasi mbili kuu za skrubu, kutoka katikati ya skrubu ya kwanza hadi katikati ya sita: takribani milimita 50, inayofuata magitaa ya mtindo wa Gibson, na takribani milimita 53, kwa magitaa yenye daraja pana, hasa yale yenye trimolo. DiMarzio huiita ya pili F-spaced, Seymour Duncan huiita Trembucker. Pima umbali kati ya nyuzi za pembeni pale pikapu inapokaa. Usipime kwenye daraja, kwa sababu nyuzi hubanana zikielekea shingoni. Kwa sababu hiyohiyo, pikapu ya shingoni karibu kila mara ni ile nyembamba.

Je, uirudishe? Kama skrubu ya 50 iko chini ya nyuzi za 53, uzi wa pembeni unapishana na skrubu kwa milimita 1.5. Uga wa sumaku ni mpana kuliko hivyo. Ukisikia uzi mwembamba uko chini kidogo, nyanyua upande huo wa pikapu kwa robo mzunguko, au pandisha skrubu yake moja. Kwa macho inasumbua, kwa masikio ni nadra.

Kuhusu kuzama, geuza pikapu uangalie masikio ya bamba la chini, yale yanayoshika skrubu za kurekebisha urefu. Kuna marefu na mafupi. Magitaa mengi yenye mwili mwembamba yana mashimo yasiyo na kina cha kutosha kwa masikio marefu. Usiyapinde kwa koleo pikapu ikiwa nzima. Bamba likijikunja linafinya koili na waya mwembamba kuliko unywele unakatika. Njia salama ni kuongeza kina cha shimo pale tu masikio yanapoingia, milimita 3 au 4, kwa kutumia drili iliyofungwa utepe kwenye biti kama alama ya kina. Kabla ya kutoboa, pima unene wa mwili wa gitaa.

SWALI: Hambaka yangu mpya ina nyaya nne za rangi na mmoja mtupu, ya zamani ilikuwa na mmoja tu. Nimepata michoro miwili inayopingana. Nifuate upi?

JIBU: Fuata mchoro wa aliyeitengeneza, na kama huna, fuata mita yako. Rangi hazifanani kati ya viwanda. Kwa Seymour Duncan, mweusi ni wa sauti, mwekundu na mweupe huunganishwa pamoja, kijani na ule mtupu huenda ethi (upande wa kurudi wa umeme). Kwa DiMarzio, mwekundu ndio wa sauti, mweusi na mweupe huunganishwa, kijani na mtupu huenda ethi. Tazama hatari iliyopo: mweusi wa mmoja ni wa sauti, wa mwingine ni kiungo cha katikati. Ukichanganya unaweza kupata koili moja tu, au koili mbili zinazofutana, au kimya kabisa.

Kama hujui ni ya nani, fanya hivi. Tenganisha ncha zote tano zisigusane. Weka mita kwenye kipimo cha kilo-omu 20. Jaribu nyaya mbilimbili hadi upate jozi inayosoma kitu, tuseme 4.0. Hiyo ni koili ya kwanza. Jozi iliyobaki lazima isome karibu na hapo: hiyo ni ya pili. Waya mtupu unapaswa kusoma sifuri ukiugusisha na bamba la chini, na usisome chochote na nyaya za rangi. Koili isiyosoma kabisa imekatika. Inayosoma nusu ya mwenzake ina waya uliochubuka na kugusana ndani. Pikapu mpya yenye dalili hizo irudishe ulikoinunua.

Sasa tafuta mwelekeo. Shikiza ncha nyekundu ya mita kwenye waya mmoja wa koili ya kwanza na nyeusi kwenye wa pili. Chukua bisibisi la chuma, bapa, uligusishe kwenye safu ya skrubu, au ya vijiti vya chuma, ya koili hiyo. Namba itaruka kwa muda mfupi sana kisha itarudi. Ikiruka juu, waya ulio kwenye ncha nyekundu uandike "jumlisha". Ikiruka chini, badilisha ncha ujaribu tena. Mita ya mshale inafaa zaidi kwa kazi hii kwa sababu mshale unaonekana ukitikisika, ila ya namba nayo inatosha ukiangalia kwa makini. Rudia mara tatu au nne, kwa sababu ukilichomoa bisibisi namba huruka upande wa pili na ni rahisi kudanganyika. Fanya vivyo hivyo kwa koili ya pili.

Ukimaliza una jumlisha mbili na toa mbili. Unganisha toa ya koili ya kwanza na jumlisha ya koili ya pili, chomea, funika kwa mrija wa plastiki unaonywea kwa joto. Jumlisha iliyobaki ni waya wa sauti. Toa iliyobaki pamoja na waya mtupu ni ethi. Pima kati ya sauti na ethi: lazima usome jumla ya koili zote mbili, hapa 8.0. Ukisoma 2.0 umeziunganisha sambamba badala ya kwa mfuatano.

SWALI: Nimebadilisha ya darajani pekee. Kila pikapu ikiwa peke yake iko vizuri, lakini swichi ikiwa katikati sauti inakuwa nyembamba, kama ya redio ndogo, na besi inapotea. Nini kimeharibika?

JIBU: Hakuna kilichoharibika. Pikapu mbili zinavutana: moja ikisukuma, nyingine inavuta, na besi ambazo ziko sawa kwa zote mbili zinafutana. Viwanda tofauti havikukubaliana upande upi uwe wa kusukuma, kwa hiyo unapochanganya majina mawili hili ni jambo la kutarajia.

Kama mpya ina nyaya nne, badilishana waya wa sauti na waya wa rangi unaokwenda ethi. Waya mtupu usiuguse, ubaki ethi daima, maana umeshikana na bamba na kifuniko. Watu huuhamisha pamoja na mwenzake, kisha wanashangaa gitaa linapovuma kila wakigusa kifuniko cha pikapu. Kama mpya ina waya mmoja wenye wavu wa chuma nje, huwezi kubadilishana, kwa sababu wavu huo ndio ethi na ndio bamba. Hapo badilisha ile ya zamani ikiwa ina nyaya nne, au geuza sumaku.

Kugeuza sumaku ni kazi ndogo kwa pikapu isiyo na kifuniko. Chini ya bamba kuna skrubu nne ndogo za shaba njano zinazoshika koili. Zilegeze zamu mbili au tatu bila kuzitoa, sukuma pau la sumaku kwa kijiti cha plastiki au mbao litoke upande mmoja. Weka alama juu yake kwa kalamu ya rangi kabla halijatoka. Lizungushe juu liwe chini bila kubadilisha ncha za kulia na kushoto, yaani ubavu uliokuwa unagusa safu ya skrubu sasa ugusane na safu ya vijiti. Rudisha, kaza polepole kwa zamu. Ukilitoa na kulirudisha lilivyokuwa, hujafanya kitu, ndiyo maana tunasisitiza alama. Njia hiyohiyo inatumika kubadilisha aina ya sumaku, kutoka Alnico V kwenda II kwa mfano, na ni rahisi mno kuliko kununua pikapu nyingine.

SWALI: Hambaka yangu inapiga yowe kali nikisogea karibu na amplifaya. Nimeambiwa niichemshe kwenye nta. Ni salama?

JIBU: Kwanza hakikisha yowe ni la pikapu. Weka sauti kama unavyopiga, zima nyuzi zote kwa kiganja, kisha gonga kifuniko au koili kwa ukucha. Ukisikia mgongano wa ukucha wazi kwenye spika, na yowe linaendelea hata nyuzi zikiwa zimezimwa, kuna kitu kinachotikisika ndani: waya uliolegea, au kifuniko kisichoshikana na koili. Yowe likikoma ukizima nyuzi, ni nyuzi zenyewe zinazoitikia spika, na nta haitasaidia.

Kama ni pikapu, nta ni dawa sahihi, ila usiichemshe. Mchanganyiko wa kawaida ni sehemu nne za nta ya parafini kwa sehemu moja ya nta ya nyuki, ambayo inaizuia kupasuka ikipoa. Yeyusha kwenye chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto moja kwa moja, kwani mvuke wa parafini unawaka. Shikilia joto kati ya nyuzijoto 60 na 65 ukitumia kipimajoto. Ukizidi sana hapo, fremu za plastiki za koili zinapinda, na fremu iliyopinda inakata waya. Ning'iniza pikapu ndani hadi vipovu vikome, kwa kawaida dakika 15 hadi 20, itoe, futa nje, iache ipoe ikiwa imebanwa kidogo ili kifuniko kishike. Pikapu ya zamani yenye thamani mpe fundi anayeifahamu kazi hii.

SWALI: Nimeweka swichi ya kukata koili moja ili nipate sauti ya pikapu ndogo, lakini inapwaya, na inavuma. Nilitegemea zaidi.

JIBU: Ukikata koili moja kwenye hambaka ya kilo-omu 8, umebaki na koili ya 4, na hiyo ni ndogo kuliko pikapu nyingi za koili moja, ambazo huwa na 6 hadi 7. Lazima ipwaye. Na kwa kuwa koili mbili ndizo zinazofuta mvumo wa umeme wa nyumbani, mvumo unarudi.

Kwa maoni yetu njia bora ni kuunganisha koili sambamba badala ya kuikata moja. Indaktansi inashuka hadi karibu robo, makali yanaongezeka, sauti inapungua kiasi, lakini mvumo unabaki umefutwa. Utahitaji swichi ndogo yenye miguu sita. Ukipenda kubaki na swichi uliyonayo, weka kizuizi (rizista) cha kilo-omu 2 hadi 5 kati ya kiungo cha katikati na ethi, badala ya kukipeleka ethi moja kwa moja. Koili ya pili haizimiki yote, besi inabaki kiasi. Kizuizi kikiwa kikubwa zaidi, mwili wa sauti nao unaongezeka. Jaribu viwili vitatu kwa klipu kabla ya kuchomea.

SWALI: Napiga rithimu na solo bila distoshani. Hambaka ya shingoni imefunga, nyuzi nene zinameza nyembamba. Alnico II au V?

JIBU: Kwa kazi yako, V, yenye mizunguko michache: kilo-omu 7 hadi 7.5, zaidi ya hapo usiende. Shingoni uzi unatikisika kwa upana mkubwa kuliko darajani, kwa hiyo pikapu ya huko haihitaji nguvu. Ndiyo maana watengenezaji hupunguza mizunguko ya seti upande huo. Alnico II ina besi laini na juu pametulia. Wapiga solo wenye distoshani huipenda kwa sababu inaondoa ukali, lakini besi laini ndiyo unayoilalamikia wewe.

Kama pikapu uliyonayo ina kifuniko, kikwaruze kidogo ndani, mahali pasipoonekana. Chini ya mng'aro ukiona rangi ya njano, ni shaba njano, na huyo anaweza kuwa ndiye mwizi wa makali yako. Shaba njano hupitisha umeme vizuri mno, mikondo midogo huzunguka ndani yake na kuviringa kilele cha sauti. Kifuniko cha nikeli-silva hakiathiri kwa kiasi hicho. Kabla ya yote, shusha upande wa nyuzi nene kwa zamu moja nzima ya skrubu, upandishe upande wa nyuzi nyembamba nusu zamu, upige kwa siku chache.

SWALI: Naweza kuweka EMG 81 darajani na kubakiza hambaka ya kawaida shingoni?

JIBU: Inawezekana, lakini si kwa poti moja ya sauti. EMG inatumia betri ya volti 9 na poti za kilo-omu 25. Poti hizo zikibeba hambaka ya kawaida zinameza makali yake yote, na poti za 500 zikibeba EMG zinafanya kazi kama swichi: sauti ipo, kisha haipo. Kila moja iwe na poti yake, na tundu la jeki liwe la stereo ili betri izimike ukichomoa kebo. Angalia pia kama kuna nafasi ya betri kwenye shimo la nyuma. Mara nyingi hilo ndilo linaloamua.

SWALI: Nimemaliza kuunganisha, sauti ipo, lakini gitaa linavuma. Nikigusa nyuzi mvumo unazidi.

JIBU: Umepishanisha waya wa sauti na ethi mahali fulani, mara nyingi kwenye tundu la jeki. Mvumo ukipungua ukigusa nyuzi, ethi ya daraja iko sawa na tatizo ni kinga ya shimo. Ukizidi, nyaya zimepishana. Ncha ya jeki ipate waya wa sauti kutoka mguu wa kati wa poti, na mwili wa jeki upate ethi.

Kama nyaya ziko sahihi, angalia sehemu ulipochomea ethi juu ya mgongo wa poti. Chuma hicho kinakunywa joto, na pasi ndogo ya kuchomea ya wati 25 inaiacha risasi ikiwa tone la duara lenye rangi ya kijivu lililokaa juu bila kushika. Tumia pasi ya wati 40 hadi 60 yenye ncha pana, kwaruza mgongo wa poti kwa msasa kwanza, ipashe poti kisha uguse risasi kwenye poti yenyewe, si kwenye pasi. Ikitandaa na kung'aa, imeshika. Usizidishe sekunde tano. Ukishindwa, iache ipoe kabisa ndipo ujaribu tena, maana poti iliyoungua ndani hukwaruza kila ukiizungusha na haitengenezeki.